Maisha ya Imamu Bukhari

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyewapa wanavyuoni amana ya ilimu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya, jina la Bukhari lajulikana na kila Muislamu, aliyesoma na asiyesoma. Mwenye kuwaidhi akitaja Hadithi, kisha akasema kuwa imepokewa na Bukhari, nyoyo za wasikizaji hutulia, wala hapana aulizaye zaidi. Lakini wengi walitajao jina hili hawamjui mwenyewe. Wako wadhanio kuwa alikuwa Mwarabu wa Makka au wa Madina, na wako wadhanio kuwa mtu mwenye cheo kama hicho aliishi katika raha na heshima mpaka siku ya kufa kwake. Kweli si hivyo. Mtu huyu alitoka katika nchi ya mbali, katika kabila la Waajemi, akakua yatima, akatembea dunia kwa ajili ya ilimu, na mwisho akafukuzwa katika mji wake aliozaliwa, akafa katika kijiji kidogo hali ya kuwa mgeni. Na sababu ya kufukuzwa kwake ndiyo ile ile iliyofanya neno lake liaminiwe, kama atakavyoona msomaji.

MJI WAKE NA NASABA YAKE

Ng'ambo ya mto Jeihun, ambao leo huitwa Amu Darya, iko nchi ambayo Waarabu waliiita Maa-waraa-n-Nahri, maana yake nchi iliyo nyuma ya mto. Katika nchi hiyo imo miji miwili mashuhuri, Bukhara na Samarkand, na yote miwili siku hizi imo katika dola ya Uzbekistan. Misafara ya biashara iliyokuwa ikitoka China kwenda nchi za magharibi ilikuwa ikipita hapo. Waislamu, wakiongozwa na Qutaiba bin Muslim, waliiteka Bukhara katika mwaka wa 90 wa Hijra (709), na katika mwaka wa 94 (713) Qutaiba akajenga msikiti wa Ijumaa ndani ya ngome ya mji. Wenyeji wakasilimu kidogo kidogo, na katika muda wa miaka mia moja mji ule ukawa na wanavyuoni wake na madarasa yake.

Katika mji huo alizaliwa Muhammad bin Ismail bin Ibrahim bin al-Mughira bin Bardizbah, siku ya Ijumaa baada ya sala, mwezi 13 Shawwal, mwaka wa 194 (Julai 810). Kunya yake ni Abu Abdillah. Bardizbah, babu wa babu yake, alikufa katika dini ya Majusi, na jina lake katika lugha ya watu wa Bukhara lina maana ya mkulima. Mwanawe al-Mughira ndiye aliyesilimu kwanza, mkononi mwa liwali aliyeitwa Yaman wa kabila la Juufi, na kwa ajili hiyo ukoo wao ukanasibishwa na kabila hilo. Basi Imamu wa Hadithi hakuwa na nasaba ya Kikureshi wala ya Kiansari. Alikuwa kitukuu cha mtu aliyeingia katika Uislamu kwa hiari yake, na ilimu ikampandisha mahali ambapo nasaba haimfikishi mtu.

Baba yake, Sheikh Ismail, alikuwa mfanya biashara na mtu wa ilimu, aliyesikia Hadithi kwa Imamu Malik. Alipokuwa akifa alisema kuwa hajui katika mali yake yote dirhamu moja ya haramu, wala dirhamu moja yenye shaka. Hii ndiyo mali aliyomwachia mwanawe, na ndiyo chakula kilicholea mwili wake.

UTOTO WAKE

Baba alikufa hali mtoto yu mdogo, akalelewa na mama yake. Wanahistoria wamepokea kuwa mtoto alipofuka macho katika utoto wake, na mama yake akawa hachoki kulia na kuomba, hata usiku mmoja akaota kuwa Nabii Ibrahim amembashiria kuwa mwanawe amerudishiwa macho yake kwa wingi wa dua zake. Kulipokucha mtoto akawa anaona. Lililo dhahiri kwa kila mtu ni kuwa mama huyu, mjane katika mji wa mpakani, hakumtia mwanawe sokoni ili amsaidie maisha, bali alimtia chuoni.

Alipofika miaka kumi, moyo wake uliingiwa na mapenzi ya kuhifadhi Hadithi. Na hapa yapasa kukumbusha kuwa Hadithi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maneno yenyewe, na ya pili ni isnadi, yaani majina ya watu waliopokezana maneno yale, fulani kutoka kwa fulani, mpaka kufika kwa Mtume. Isnadi ikikatika au ikiwa na mtu mwongo, Hadithi haitegemewi, hata maneno yake yakiwa mazuri namna gani.

Siku moja, naye ana miaka kumi na mmoja, alikuwa ameketi katika darasa la mwanachuoni aitwaye ad-Dakhili. Sheikh akasoma isnadi ambayo ndani yake Abu Zubeir amepokea kwa Ibrahim. Mtoto akasema kuwa Abu Zubeir hakupokea kwa Ibrahim. Sheikh akamkaripia. Mtoto hakunyamaza wala hakukosa adabu, bali alimwomba Sheikh arejee katika asili ya kitabu chake kama anacho. Sheikh akaingia ndani, akatazama, kisha akatoka akamwuliza mtoto isnadi ilivyo. Mtoto akajibu kuwa huyo ni Zubeir bin Adi, wala si Abu Zubeir. Sheikh akatwaa kalamu, akasahihisha kitabu chake mbele ya wanafunzi wake, akakiri kuwa mtoto amesema kweli. Basi katika kisa hiki mna sifa mbili: sifa ya mtoto aliyehifadhi, na sifa ya mwalimu mkubwa asiyeona haya kusahihishwa na mtoto.

SAFARI ZAKE

Alipofika miaka kumi na sita alikuwa amekwisha hifadhi vitabu vya Ibnul Mubarak na vya Wakii. Mwaka huo, 210 (826), alikwenda kuhiji pamoja na mama yake na ndugu yake Ahmad. Hija ilipokwisha, mama na ndugu wakarudi Bukhara, naye akabaki Hijazi kutafuta ilimu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minane, huko Madina, karibu na kaburi la Mtume, alianza kutunga kitabu chake kikubwa cha Tarikh, ambacho ndani yake amewataja wapokezi wa Hadithi na khabari zao. Na aliandika katika nyakati za usiku kwa mwangaza wa mwezi.

Kisha akaanza kutembea. Alifika Balkh, Merv, Naisaburi, Rayy, Baghdad, Basra, Kufa, Damaski, Homsi, Askalan na Misri. Katika Hijazi alikaa jumla ya miaka sita, Basra alikwenda mara nne, na ama Kufa na Baghdad yeye mwenyewe alisema kuwa hawezi kuhesabu mara alizoingia. Jumla ya masheikh alioandika kwao ni watu 1,080. Zama zile hapakuwa na gari wala meli ya moshi. Mtu hutembea mwezi mzima juu ya mnyama au kwa miguu ili asikie Hadithi moja kutoka kinywani mwa aliyeisikia.

Na safari hizo hazikuwa za raha. Mara moja alipokuwa njiani kwenda kwa Sheikh wa Askalan, fedha zake zilichelewa kumfikia, akawa anakula majani, wala hakumwambia mtu. Hata siku ya tatu akajiwa na mtu asiyemjua, akampa mfuko wa dinari. Na huko Basra wenziwe walimkosa darasani siku kadhaa. Walipomwendea nyumbani walimkuta hana nguo ya kutokea, kwani fedha zimemwishia na nguo amekwisha ziuza. Wakachanga dirhamu, wakamnunulia nguo, akarudi darasani kama kwamba halikuwa jambo.

Huko huko Basra wenziwe walikuwa wakimlaumu kwa kuwa anakuja darasani na haandiki. Siku kumi na sita zilipopita, maneno yao yakamwudhi, akawataka walete walivyoviandika. Kisha akawasomea kwa moyo Hadithi zaidi ya elfu kumi na tano, hata wao ndio wakawa wanasahihisha daftari zao kwa hifadhi yake.

Khabari yake ikaenea, na alipoingia Baghdad wanavyuoni wa huko wakataka kumjaribu. Imepokewa kuwa walitwaa Hadithi mia moja, wakazipindua, isnadi ya hii wakaitia katika maneno ya ile, wakawapa watu kumi, kila mtu kumi. Baraza ikajaa watu. Wa kwanza akamwuliza Hadithi zake moja moja, naye katika kila moja akajibu kuwa haijui. Vivyo hivyo mpaka mtu wa kumi. Wajinga wakadhani kuwa ameshindwa. Watu wote walipokwisha, akamgeukia wa kwanza, akamwambia Hadithi yake ya kwanza aliisema hivi na sawa yake ni hivi, akaendelea mpaka akazimaliza zote mia, kila isnadi akairudisha mahali pake. Wanavyuoni waliokuja baadaye wamesema kuwa si ajabu kwake kujua sawa, kwani alikuwa hafidhi. La ajabu ni kuwa alihifadhi makosa mia moja, kwa tartibu yake, kwa kuyasikia mara moja.

KITABU CHAKE

Tangu kufa kwa Mtume ilikuwa imepita miaka mia mbili. Katika muda huo maneno mengi ya uwongo yalikuwa yamechanganywa na Hadithi. Wako waliozua kwa ajili ya siasa, ili kuwasifu watawala wao na kuwatia ila maadui zao. Wako waliozua kwa ajili ya kutetea madhehebu zao. Wako wasimulizi wa visa waliozua katika misikiti na masoko ili watu wawape pesa. Na wako, nao ni wa hatari zaidi, watu wenye ibada waliozua kwa nia ya kuwavuta watu katika kheri, wakidhani kuwa uwongo wa namna hiyo hauna dhambi.

Siku moja Bukhari alikuwa katika baraza ya Sheikh wake Is-hak bin Rahawaihi, na pakatajwa kuwa lau angepatikana mtu wa kukusanya kitabu kifupi cha Hadithi zilizo sahihi tu, ingekuwa kheri. Neno lile likaingia katika moyo wake. Na aliota kuwa amesimama mbele ya Mtume, mkononi mwake mna upepeo, naye anamfukuzia nzi. Akauliza tafsiri yake, akaambiwa kuwa atamwondolea Mtume uwongo.

Basi akashika kazi hiyo kwa miaka kumi na sita. Alichagua katika riwaya 600,000 zilizokuwa kwake. Na msomaji asidhani kuwa hizo ni maneno 600,000 mbalimbali, kwani wanavyuoni wa Hadithi huhesabu kila njia ya isnadi kuwa ni Hadithi; neno moja likija kwa njia ishirini, huhesabiwa ishirini. Aliweka masharti magumu. Hakutosheka kuwa mpokezi ni mkweli na mwenye hifadhi na kuwa aliishi zama moja na yule aliyepokea kwake, bali alitaka ithibiti kuwa walionana. Wala hakuitia Hadithi katika kitabu illa baada ya kuoga na kusali rakaa mbili na kumwomba Mwenyiezi Mungu amwongoze. Karani wake ameeleza kuwa wakati mwingine Imamu alikuwa akiamka mara kumi na tano mpaka ishirini kwa usiku mmoja, kila mara akawasha taa kwa mkono wake, akatia alama Hadithi, kisha akalala. Wala hakumwamsha karani, kwa kumhurumia kijana na usingizi wake.

Kitabu kilipokwisha kilikuwa na Hadithi 7,275 pamoja na zilizokaririwa, kwa hesabu ya Ibn Salah. Na kwa hesabu ya Ibn Hajar, zenye isnadi kamili bila ya kukaririwa ni 2,602. Imepokewa kuwa alikionyesha kwa wakuu wa zama zake, Ahmad bin Hanbal, Yahya bin Main na Ali bin al-Madini, nao wakakisifu, wasitie shaka illa katika Hadithi nne. Mtu mkubwa wa namna hiyo hakuona unyonge kupeleka kazi yake kwa wenziwe ili waitafutie makosa.

UADILIFU WAKE

Mwenye kuwapima wengine ukweli wao yampasa yeye mwenyewe awe mkweli, na Bukhari alijipima kabla ya kuwapima watu.

Ililetwa bidhaa yake, wakaja wafanya biashara jioni wakataka kumpa faida ya dirhamu elfu tano. Akawaambia waende, warudi asubuhi. Asubuhi wakaja wengine wakataka kumpa faida ya elfu kumi. Akawakataa, kwa sababu usiku ule alikuwa amekwisha nuia katika moyo wake kuwauzia wale wa kwanza, wala hakupenda kuvunja nia yake, ingawa hapana mtu aliyeijua illa Mwenyiezi Mungu.

Alikuwa mpiga mishale hodari, asiyekosa shabaha illa kwa nadra. Siku moja mshale wake ulipiga kigingi cha daraja la mtoni, kikapasuka. Akashuka katika mnyama wake, akaacha mchezo, akamtuma mtu kwa mwenye daraja kumwomba ruhusa ya kuweka kigingi kingine, au amlipe thamani yake, na amsamehe. Mwenye daraja akamsamehe, na kwa furaha ya kusamehewa Imamu akatoa sadaka dirhamu mia tatu siku ile.

Na siku nyingine alimwendea Abu Maashar, naye ni kipofu, akamtaka msamaha. Kipofu hakujua kosa lililopita. Akamweleza kuwa siku moja alipokuwa akisoma Hadithi alimwona akitikisa kichwa na mikono kwa kupendezewa, naye akatabasamu. Akaona kuwa kumtabasamia mtu asiyeona ni kumvunjia heshima yake.

Ama ulimi wake katika kuwataja wapokezi dhaifu, ulikuwa mpole. Mtu ambaye wengine wamemwita mwongo mkubwa, yeye huandika tu kuwa katika khabari yake pana la kutazamwa, au kuwa wanavyuoni wamemnyamazia. Alikuwa akitaraji kukutana na Mola wake bila ya kudaiwa kuwa amemsengenya mtu.

FITINA YA NAISABURI

Katika mwaka wa 250 (864) alikwenda Naisaburi, mji mkubwa wa Khurasani. Watu wakatoka nje ya mji kumlaki, na mkuu wa wanavyuoni wa huko, Muhammad bin Yahya ad-Dhuhli, akawahimiza wanafunzi wake waende kumsikiliza. Baraza za mji zikapungua watu, na baraza ya mgeni ikajaa. Hapo ndipo hasadi ilipopata njia.

Zama zile nyoyo za Waislamu zilikuwa bado na jeraha la fitina iliyoanza katika mwaka wa 218 (833), siku ambazo Khalifa al-Maamun aliwalazimisha wanavyuoni wakiri kuwa Kurani imeumbwa, na Ahmad bin Hanbal akafungwa, na baadaye akapigwa kwa kulikataa neno hilo. Basi mtu akasimama katika baraza akamwuliza Bukhari kuwa matamko ya mtu asomapo Kurani yameumbwa au hayakuumbwa. Hakutaka kujibu. Aliposhurutishwa, akajibu kuwa Kurani ni maneno ya Mwenyiezi Mungu, nayo hayakuumbwa. Ama vitendo vya waja vimeumbwa. Na kuwatahini watu kwa masuala kama haya ni uzushi. Lakini wenye fitina hawakuchukua illa walichokitaka. Dhuhli akatangaza kuwa mwenye kwenda kwa Bukhari asije katika baraza yake. Watu wakamkimbia. Katika waliobaki naye alikuwa mwanafunzi wake Muslim bin al-Hajjaj, ambaye baadaye alitunga Sahih Muslim. Yeye aliondoka katika baraza ya Dhuhli, akakusanya karatasi zote alizoandika kwake, akamtwika hamali, akamrudishia.

Bukhari akauhama mji. Lakini uadilifu wake ulidhihiri katika jambo hili kuliko yote: Hadithi alizozisikia kwa Dhuhli hakuzitoa katika kitabu chake. Mpaka leo zimo, kiasi cha thelathini, na jina la Dhuhli limetajwa kwa ufupi, mara Muhammad, mara Muhammad bin Khalid kwa kumnasibisha na babu wa baba yake. Mtu yule alimdhulumu, lakini hakuwa mwongo katika Hadithi. Basi Bukhari hakuichanganya dhulma aliyotendewa na amana aliyoichukua.

KHABARI YAKE NA LIWALI

Akarudi kwao Bukhara. Watu wa mji walimpokea kwa furaha kubwa. Wakapiga mahema mwendo wa farsakh moja nje ya mji, wakamtupia dirhamu na dinari na sukari. Akakaa akisomesha msikitini na nyumbani kwake, na kila mtu anaingia, tajiri na maskini.

Kisha liwali wa mji, Khalid bin Ahmad, akamtumia mjumbe kumtaka aende na vitabu vyake katika jumba la utawala, amsomee huko. Imamu akajibu kuwa yeye haidhalilishi ilimu wala haipeleki katika milango ya wafalme. Liwali akiwa na haja nayo, aje msikitini au nyumbani. Liwali akaleta neno la pili: kama si hivyo, basi awawekee wanawe baraza yao wenyewe, wasiingie watoto wa watu wengine. Imamu akalikataa hilo pia, kwa kuwa hawezi kuwakhusu watu kwa ilimu na kuwanyima wengine.

Msomaji atazame vizuri. Liwali hakumtaka aseme uwongo, wala hakumtaka abadilishe Hadithi. Alitaka jambo ambalo wengi wangeliona dogo, nalo ni kusogeza kiti cha darasa kutoka msikitini mpaka jumbani. Lakini Bukhari aliijua historia ya Hadithi kuliko mtu yeyote, na alijua kuwa wengi wa waliozua maneno kwa ajili ya watawala walianza kwa kuingia katika milango yao. Mtu aliyetumia miaka kumi na sita kuwapima wapokezi hakuwa radhi aingie katika hali ambayo yeye mwenyewe, lau angemkuta nayo mpokezi mwingine, angemtilia shaka.

Liwali akakasirika. Lakini hakuweza kumwadhibu kwa kukataa kwenda jumbani, akatafuta sababu nyingine. Akawatumia watu wa mjini wenye ilimu waseme kuwa itikadi yake ni mbovu, na ile fitina ya Naisaburi ikafufuliwa. Kisha akamwamuru atoke katika mji.

KUFA KWAKE

Imamu akatoka, naye ana umri uliopita miaka sitini. Watu wa Samarkand wakamwandikia kumwita kwao. Akashika njia, hata alipofika katika kijiji cha Khartank, karibu na Samarkand, akapata khabari kuwa watu wa mji ule wamekhitalifiana kwa ajili yake, wengine wanamtaka na wengine hawamtaki. Akashukia katika nyumba ya jamaa zake hapo kijijini. Usiku mmoja, baada ya sala, alisikiwa akimwomba Mola wake amchukue, kwani dunia pamoja na upana wake imemdhikia.

Haukupita muda mrefu akaugua. Kisha akaja mjumbe wa Samarkand, kuwa watu wamepatana na wanamtaka. Akavaa khofu zake na kilemba, akatoka kumwendea mnyama apande. Alipotembea kiasi cha hatua ishirini, akasema waliomshika wamwachie kwani nguvu zimemwishia. Akaomba dua, akalala, akafa. Ilikuwa usiku wa kuamkia Idi ya kufungulia, mwaka wa 256 (870). Umri wake ulikuwa miaka sitini na miwili kasoro siku kumi na tatu. Akakafiniwa kwa nguo tatu nyeupe, bila ya kanzu wala kilemba, kama alivyousia, akazikwa siku ya Idi baada ya sala ya adhuhuri.

Ama liwali Khalid, haukupita muda ikaja amri ya wakubwa wake ya kumwuzulu. Akapandishwa punda na kutembezwa, kisha akafungwa, na mwisho akafia katika gereza la Baghdad.

ALIYOYAACHA

Kitabu chake kilibaki mikononi mwa wanafunzi wake, na mashuhuri yao ni al-Firabri, mtu wa mji wa Firabr kandoni mwa mto Jeihun, aliyeishi mpaka mwaka wa 320 (932), naye ndiye ambaye kwa njia yake kitabu kilienea duniani. Miongoni mwa waliosoma kwa Bukhari ni Muslim na Tirmidhi, na wote wawili ni wenye vitabu katika vile sita vinavyotegemewa. Wanavyuoni wamekisherehesha kitabu hiki kwa sherehe nyingi, na iliyo mashuhuri zaidi ni Fat-hul Bari ya Ibn Hajar wa Askalan, aliyekufa katika mwaka wa 852 (1449). Hakuacha ufalme wala majumba. Lakini husomwa Misri na Bara Hindi, na katika misikiti ya pwani ya Afrika Mashariki.

Mji wake wa Bukhara ulitekwa na Wamongoli katika mwaka wa 1220, ukachomwa moto. Dola nyingi zimepita juu yake. Lakini kaburi la Khartank halikusahauliwa, na katika mwaka wa 1998 likajengwa upya pamoja na msikiti mkubwa, na watu kutoka nchi nyingi hulizuru.

MAZINGATIO

Katika maisha haya mna mafunzo kwa mwenye kuzingatia. La kwanza, ilimu haitazami kabila. Mzao wa Majusi aliwahifadhia Waarabu maneno ya Mtume wao. La pili, malezi ya mama mjane na mali ya halali ya baba ni mbegu iotayo baada ya wenyewe kufa. La tatu, mkweli ni yule asemaye kweli hata kwa manufaa ya aliyemdhulumu. Na la nne, heshima ya ilimu iko katika mwenye nayo kukaa mahali ambapo maskini na mwana wa liwali wataketi juu ya mkeka mmoja. Liwali alikuwa na askari na gereza, na leo jina lake halitajwi illa kwa sababu ya yule aliyemfukuza.

Mwenyiezi Mungu amrehemu Imamu Bukhari, na ajaalie katika umma huu watu wenye kuilinda amana yake. Amin.